Malori yanapofuatana sako kwa bako, gari dogo halina pa kurejea

KILA ajali mbaya inapotokea katika barabara kuu ya Mombasa-Nairobi au ile ya Nakuru-Eldoret, lawama hugawanywa kwa utaratibu uliozoeleka. Dereva alikuwa na kasi. Dereva alisinzia. Breki zilikatika. Barabara ni nyembamba. Viongozi hutuma risala za rambirambi, maafisa wa trafiki huongezwa kwa wiki mbili tatu, kisha mambo hurejea yalivyokuwa.

Huenda yote hayo yakawa kweli. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo ni nadra kutajwa katika taarifa za polisi na katika hotuba za wanasiasa, nalo ni nafasi inayoachwa kati ya gari moja na jingine. Katika barabara ambayo magari yanayokwenda na yanayorudi yametenganishwa na mstari wa rangi pekee, nafasi hiyo ndiyo kimbilio la kila anayejaribu kulipita gari lililo mbele yake. Inapozibwa, kosa dogo la kukadiria huwa halina marekebisho.

Kulingana na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), zaidi ya watu 4,700 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka 2024. Wengi wao walikuwa watembea kwa miguu na wale wa pikipiki, na si haki kuyabebesha malori mzigo wote huo. Lakini ajali zinazowaua watu kumi, ishirini au hamsini kwa mpigo mmoja zina sura yake, na mara nyingi katika sura hiyo hakukosi gari kubwa la mizigo.

Kiini cha tatizo kinaweza kuelezwa kwa hesabu za shule ya msingi. Tuchukue trela lenye urefu wa mita 18 likienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa mahali fulani kati ya Emali na Kibwezi. Nyuma yake lipo gari dogo linalotaka kupita kwa kasi ya kilomita 80. Likianza likiwa mita 20 nyuma ya trela, na lirejee katika leni yake likiwa mita 20 mbele, litahitaji kulipiku trela hilo kwa zaidi ya mita 60. Tofauti ya kasi kati ya magari hayo mawili ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kila sekunde. Safari hiyo fupi itachukua sekunde 11 na ushei.

Katika sekunde hizo gari dogo litakuwa limekwenda mita 250. Ikiwa basi linakuja kutoka upande wa pili kwa kasi ya kilomita 80, nalo litakuwa limemeza mita 250. Kwa hivyo, ili kulipita trela moja tu bila kuhatarisha maisha, dereva anahitaji nusu kilomita ya barabara iliyonyooka, inayoonekana na isiyo na kitu.

Hiyo ni hesabu ya trela moja. Sasa tuyaweke manne, yakifuatana kwa mwanya wa mita 10 kila moja, jambo ambalo yeyote aliyesafiri usiku kwenda Pwani amelishuhudia mara nyingi. Msafara huo una urefu wa zaidi ya mita 100. Kuupita kwa kasi ile ile kutachukua sekunde 26 au zaidi, na barabara tupu inayohitajika itazidi kilomita moja na mita mia moja. Ni wapi kati ya Voi na Mtito Andei ambako dereva anaweza kuapa, gizani, kwamba ameona umbali huo wote mbele yake?

Lau malori hayo yangeachiana mita 60 au 70, gari dogo lingelipita la kwanza, lingeingia kwenye nafasi, lingetulia, kisha lingetazama tena kabla ya kulipita la pili. Hatari ingekatwa vipande vidogo vinavyobebeka. Malori yakibanana, dereva hulazimika kuichukua hatari yote kwa mkupuo, na akigundua katikati ya safari kwamba amekosea, kushoto kwake kuna ukuta wa chuma na mbele yake kuna taa zinazomjia.

Kidhibiti mwendo nacho kimeleta kitendawili chake. Tangu kanuni zilizoanzishwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, kuanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu, mabasi na malori hayapaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo ziliokoa watu wengi na hakuna anayetamani zifutwe. Lakini matatu iliyofungwa mwendo wa 80 ikijaribu kulipita trela moja linalokwenda 75, itakaa upande usio wake kwa muda wa sekunde 45 hivi na kwenda kilomita nzima. Dereva wa matatu hiyo anayetii sheria anapaswa kukubali kubaki nyuma. Asiyetaka kubaki nyuma hukichezea kidhibiti mwendo, na hayo nayo ni mazoea yanayojulikana na kila mtu.

Kwa nini basi malori hufuatana kwa karibu kiasi hicho? Si ukaidi mtupu. Magari yanayotoka bandarini Mombasa hukutana katika mizani ya Mariakani, hupimwa moja baada ya jingine na kutoka moja baada ya jingine. Yaliyo na mzigo mzito hupunguza mwendo katika vilima, na yale ya nyuma huyakuta pale pale. Usiku madereva hupenda kuwa pamoja, kwani dereva aliye peke yake akiharibikiwa na gari mahali penye upweke hana wa kumsaidia. Isitoshe, lori lenye tani nyingi likishapoteza mwendo huhitaji mafuta na muda mwingi kuurudisha, hivyo dereva huona afadhali kumganda mwenzake nyuma kuliko kukanyaga breki.

Ipo sababu nyingine inayowahusu wenye magari madogo, na ndiyo inayowaudhi madereva wa matrela kuliko zote. Dereva wa lori akiacha mita 60 mbele yake, nafasi hiyo haidumu. Gari dogo hujichomeka hapo, mara nyingi bila ishara, kisha hupunguza kasi kwa sababu mbele kuna lori jingine. Dereva wa trela hulazimika kurudi nyuma kuitafuta nafasi upya, na kabla hajaipata, mwingine amekwisha kuingia. Baada ya kilomita 100 za mchezo huo, anayeifunga nafasi makusudi anaonekana ndiye mwerevu.

Wenye magari madogo wangetenda vingine kama wangejua kinachohitajika kulisimamisha trela. Gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa, likiwa na breki nzuri na barabara kavu, husimama baada ya takriban mita 95, ukijumlisha muda ambao dereva anatambua hatari na kuhamisha mguu. Trela linalokwenda 80 huhitaji umbali unaokaribia huo huo, ingawa mwendo wake ni mdogo, kwani breki zake za upepo huchelewa kidogo kushika na uzito wake hauwezi kuzuiwa upesi. Mvua ikinyesha, au matairi yakiwa yamelika, umbali huo huongezeka sana.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzani wa magari inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Gari la kawaida la familia halifiki tani mbili. Anayelikata trela njia na kukanyaga breki umbali wa mita 15 mbele yake amemwachia dereva wa nyuma kazi isiyowezekana, hata dereva huyo awe hodari namna gani.

Kwenye mteremko mambo huwa mabaya zaidi. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, ndiyo maana dereva aliyefunzwa hutumia gia ya chini kulizuia gari. Kwa miaka mingi baadhi ya madereva katika mteremko wa Sachangwan na Salgaa walishutumiwa kwa kufanya kinyume, yaani kuliachia lori liteleze gia ikiwa huru ili kubana mafuta, wengine wakiyauza mafuta hayo vituoni. Lori la namna hiyo haliwezi kuheshimu nafasi yoyote iliyo mbele yake, kwani halimtii tena anayeshika usukani.

Wakenya hawajasahau Karai, karibu na Naivasha, Desemba 2016, wakati lori lililobeba kemikali inayoshika moto upesi lilipopoteza mwelekeo na kuyagonga magari yaliyokuwa mbele, takriban watu 40 wakifa, miongoni mwao maafisa wa GSU. Wala hawajasahau Londiani, Juni 30, 2023, ambapo lori liliwavamia abiria, wachuuzi na matatu zilizokuwa kando ya barabara na kuwaua zaidi ya watu 50. Katika mikasa hiyo yote miwili, waliokufa hawakuwa wakilipita lori wala kulifuata. Walikuwa mbele yake tu.

Kufuata lori kwa karibu kuna hatari yake tofauti. Dereva wa gari dogo aliyeganda mita tano nyuma ya trela haoni chochote ila milango ya kontena. Haoni shimo, haoni tuta, haoni lori jingine lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti badala ya pembetatu zinazong'aa. Na asipokiona kioo cha pembeni cha trela, dereva wa trela naye hamwoni. Ndipo huanza ule mtindo wa kuchungulia, pua ya gari ikivuka mstari wa katikati na kurudi, ikivuka na kurudi, hadi siku ambayo hakutakuwa na wasaa wa kurudi. Anayebaki nyuma mita 40 au 50 huiona barabara vizuri zaidi na hahitaji kuchungulia. Ajabu ni kwamba madereva wengi huamini kukaribia ndiko kunakorahisisha kupita.

Ombwe hilo la kutoona ndilo lililozaa lugha ya taa. Taa ya kulia ya trela ikimetameta, maana yake ni kwamba kuna gari linakuja, usithubutu. Ya kushoto ikimetameta, njia ni nyeupe, pita. Ni desturi iliyotokana na utu, na imewavusha salama watu wasiohesabika. Lakini haimo katika sheria. Kwa mujibu wa sheria, taa ya kulia humaanisha kwamba gari linakusudia kukata kulia au kulipita jingine. Dereva anayedhani ameonywa kumbe mwenzake anageuka, au anayedhani ameruhusiwa kumbe lori linaegesha kando, hana wa kumlaumu baadaye. Aidha, barabara hii hutumiwa na malori yanayokwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Congo. Kwa dereva aliyezoea nchi ambako magari hupita upande wa kulia, kushoto na kulia hazisomeki kwa namna ile ile.

Je, sheria inasemaje kuhusu nafasi yenyewe? Dereva anayemfuata mwenzake kwa karibu mno anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, kinachohusu uendeshaji wa kizembe na usiojali wengine. Mtu akifa, kifungu cha 46 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Tatizo ni kwamba vifungu hivi huamka baada ya magari kugongana. Ni nadra kusikia dereva amefikishwa kortini kwa kuganda nyuma ya mwingine kabla ya damu kumwagika.

Lakini kuna chombo kingine ambacho wengi hawakikumbuki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu Usafiri wa Barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unazungumzia suala hili waziwazi katika kifungu cha 13. Nje ya miji, gari lenye uzani unaozidi kilo 3,500 au urefu unaozidi mita 10 linatakiwa kuacha mbele yake nafasi ya kutosha ili gari linalolipita liweze kuingia hapo bila hatari. Haja inayotajwa ni kurahisisha upitaji. Yaani, waliouandika mkataba huo waliitambua nafasi hiyo kuwa ya matumizi ya wote, wala haikuchukuliwa kuwa mali ya dereva wa lori anayeweza kuifunga apendavyo. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 2(6), inasema mikataba iliyoidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi.

Ujerumani imelitia kanuni hilo meno. Lori lenye zaidi ya tani tatu na nusu, likiwa katika barabara kuu na kasi yake ikizidi kilomita 50, haliruhusiwi kulikaribia gari la mbele chini ya mita 50. Polisi hurekodi magari kwa kamera kutoka juu ya madaraja na kupima umbali huo, na wanaopatikana hutozwa faini. Huko pia wana jina la malori mawili yenye kasi inayokaribiana yanapojaribu kupitana na kuziba barabara. Huita tendo hilo mbio za ndovu.

Hapa kwetu vyombo vya kupima vipo vya aina mbili: kamera zinazopima kasi na mizani inayopima uzani. Dereva wa trela anayekwenda kilomita 79 kwa saa, mzigo wake ukiwa chini ya kiwango, huku akiwa mita sita nyuma ya mwenzake, atapita Mariakani, atapita Mlolongo, atapita Gilgil, na kote huko atahesabiwa kuwa amefuata sheria.

Lawama haiwezi kuishia kwa dereva. Mwenye lori anayelipa kwa idadi ya safari amekwisha kuamua, akiwa ofisini, jinsi gari lake litakavyoendeshwa. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Anayetoka Mombasa kuelekea Malaba akitaraja kurejea upesi iwezekanavyo hawezi kukitii kifungu hicho na pia kumridhisha tajiri wake. Jicho lililochoka hupenda kufuata taa nyekundu za gari la mbele. Humpunguzia dereva kazi ya kufikiri, hadi taa hizo zinapowaka zaidi ghafla.

Wapo wanaosema dawa ni kuyaondoa malori barabarani. Reli ya kisasa ilianza kubeba mizigo kutoka Mombasa mwaka 2018, na mwaka uliofuata serikali ikajaribu kulazimisha makontena yasafirishwe kwa treni. Wafanyabiashara na wakazi wa Mombasa walipinga vikali, na mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto alirejesha shughuli za kuidhinisha mizigo katika bandari hiyo. Bandari yenyewe ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 mwaka 2024. Sehemu kubwa ya shehena hiyo itaendelea kusafiri juu ya matairi, reli iwepo isiwepo.

Wengine husema dawa ni barabara pana. Hoja yao ina uzito zaidi. Baada ya basi na lori kugongana usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2017, eneo la Migaa karibu na Salgaa, na kuwaua watu 36, Halmashauri ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA) iliitenganisha barabara hiyo kwa ukuta wa zege. Palipo na ukuta, anayekosea hakutani ana kwa ana na anayekuja. Kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit nayo ilizinduliwa Novemba 2025.

Lakini upanuzi huo utakapokamilika, bado kutakuwa na barabara ndefu kutoka Mau Summit hadi Malaba, na nyingine kutoka makutano ya Machakos hadi maeneo ya Mariakani, ambako wanaokwenda na wanaorudi watatumia lami moja. Na wakati ujenzi unaendelea, magari hubanwa katika njia za mchepuko, yakisimama na kuondoka ghafla. Hali kama hiyo ndiyo inayomwadhibu upesi anayefuata kwa karibu.

NTSA inaweza kutunga kanuni inayotaja mita, kama walivyofanya Wajerumani, ili afisa wa trafiki awe na kitu cha kupima na hakimu awe na kitu cha kusoma. Inaweza kulitia suala hilo katika mtihani wa leseni ya malori na ya magari madogo pia, kwani anayejichomeka katika nafasi na kukanyaga breki anastahili kutozwa faini sawa na anayeiziba. Lipo pia jambo lisilohitaji bunge wala mkopo. Katika baadhi ya barabara kuu za Uingereza, alama za mishale huchorwa juu ya lami na madereva huambiwa waache mbili kati yao na gari la mbele. Ufaransa nayo hutumia mistari iliyo pembezoni mwa barabara kwa kazi hiyo hiyo. Gharama ni rangi na vibao vichache vya maelezo. Kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei vipo vipande vingi vilivyonyooka ambako alama kama hizo zingeweza kuchorwa bila kungoja leni ya pili.